Kitabu Kilichofungwa Sandukuni

Neno la kutafakari: 2 Timotheo 4:13, 2 Wafalme 22:8–13



Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo waraka wa pili alikuwa mfungwa. Wakati wa baridi ulikuwa karibu, wenzake wengi walikuwa wamekwenda zao, na yeye mwenyewe alijua ya kuwa siku zake zimekwisha kuhesabiwa. Mtu aliye katika hali kama hiyo angeweza kuomba mambo makubwa. Paulo aliomba machache tu: Timotheo aje upesi, amchukue na Marko wafuatane; tena amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, na zaidi ya vyote vile vya ngozi.

Tuyaangalie maombi haya. Kwanza, Paulo hakuona haya kuomba vitabu. Mtume aliyekwisha kumwona Bwana, aliyeandika nyaraka nyingi, alikuwa angali anahitaji kusoma. Pili, aliomba vitabu alivyovijua, akataja mahali vilipo, na mtu aliyevitunza. Tatu, hakutaka vitabu vije peke yake. Aliomba watu wa kuwa naye, na nguo ya kumkinga na baridi, ndipo vitabu. Maana mtu mwenye baridi na upweke hasomi vizuri, hata akiwa mtume.

Twaandika haya kwa sababu tunalo jambo la kuungama mbele yenu, nalo ni jambo la sanduku moja la vitabu.

Usharika tuliokuwa tukiutumikia uko pwani, kaskazini ya Dar es Salaam, katika njia ya kwenda Bagamoyo. Washarika wake si wengi. Baadhi yao ni watu wa bara waliohamia kwa ajili ya kazi, na wengine ni wenyeji, wavuvi na wakulima wa mihogo na minazi. Mwaka mmoja tulipokea sanduku kubwa kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya watoto, madaftari, penseli, chaki, rula, na picha za kutundika ukutani. Siku lilipofika kwaya iliimba, wazee wakasimama kandokando ya sanduku wakapigwa picha, na sisi tukaandika barua ya shukrani, tukisema ya kwamba watoto wamefurahi mno. Watoto wenyewe walikuwa hawajaliona.

Kisha tukaliweka katika chumba cha mchungaji nyuma ya madhabahu, tukalifunga kwa kufuli. Sababu zetu zilionekana njema zote. Tulisema, kwanza ipatikane kabati. Tukasema tena, watoto wana mikono michafu, watavirarua. Tukauliza, kikipotea kimoja, nani atakayejibu? Msimu wa masika ukapita, na vuli ikapita, na masika ya pili yakaja. Siku moja mtunza kanisa aliingia kutafuta ufagio, akaona mstari mwembamba wa udongo umepanda ukutani nyuma ya sanduku. Tulipofungua, tulikuta mchwa wameingia kwa chini. Karibu theluthi moja ya vitabu ilikuwa imekwisha kuwa vumbi. Chaki ilikuwa imelowa kwa unyevu wa bahari, ikashikamana kama jiwe. Penseli na rula zilikuwa salama. Mzee mmoja akatazama sana, kisha akasema polepole, "Mchwa wamesoma kabla ya watoto." Hakuna aliyecheka.

Ndipo tulipokumbuka habari za mfalme Yosia. Katika siku zake mafundi walikuwa wakitengeneza hekalu, na kuhani mkuu Hilkia akakiona kitabu cha torati humo ndani. Shafani mwandishi akakisoma, akakipeleka akakisoma tena mbele ya mfalme. Naye mfalme aliposikia yaliyoandikwa akayararua mavazi yake. Tuangalie, ndugu, kitabu kilipatikana wapi. Hakikupatikana kwa adui, wala hakikutoka katika nchi ya mbali. Kilikuwa ndani ya nyumba ya Bwana. Kitabu kilikuwa salama, na watu walikuwa wamepotea. Basi mtu aweza kunyimwa kitabu kwa mkono wa adui, na aweza kunyimwa kwa mkono wa mtunzaji mwema aliyeogopa kukifungua. Kwa yule anayenyimwa, mambo haya mawili ni sawasawa.

Tukakubaliana vitabu vilivyosalia vipelekwe katika shule ya msingi iliyo jirani, ambayo ni shule ya serikali. Walakini kabla havijatoka, mzee mmoja wa kanisa alituzuia. Alisema, "Baba Mchungaji, vitabu hivi vililetwa kwa watoto wa usharika. Watoto wa shule ile wengi ni wa Waislamu. Je, tutoe cha kwetu tuwape wengine, hali watoto wetu wa shule ya Jumapili hawana kitu?"

Hatukumkemea, maana alisema kwa uaminifu yale ambayo wengine waliyawaza kwa siri. Tulimjibu kwanza ya kuwa watoto wetu nao wamo katika madarasa yale yale, wakikaa dawati moja na wenzao. Ukimnyima mmoja umewanyima wote. Kisha tukamkumbusha deni letu. Watu wa pwani hii walikuwa na vitabu kabla ya misheni kufika. Watoto wao walikuwa wakijifunza herufi chuoni, wakiandika juu ya mbao, na tenzi zao ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ludwig Krapf, mzaliwa wa Ujerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa na Kiswahili. Alifundishwa na wenyeji, na hao walikuwa Waislamu. Edward Steere naye alijifunza lugha kwa watu wa Unguja kabla ya kuchapa chochote. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, aliyetoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937, alijenga juu ya lugha ile ile. Basi kila tunapofungua Biblia yetu twasoma kwa maneno tuliyopewa na majirani zetu, nao hawakutudai kitu. Je, sisi tutawadai watoto wao cheti cha ubatizo kabla ya kuwapa kitabu cha hadithi ya sungura? Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari za Msamaria na mtu aliyejeruhiwa njiani, wala katika habari ile Msamaria hakumwuliza majeruhi dini yake.

Mzee yule hakusema kwamba amekubali. Walakini siku ya kupeleka vitabu alikuja, akashika upande mmoja wa sanduku.

Sasa tuwaeleze tuliyoyaona darasani, maana wengi hutoa vitabu pasipo kujua vinafanya kazi gani.

Mwalimu wa darasa la tatu ni mama mmoja mtulivu, mwenye watoto zaidi ya 80 katika chumba kimoja. Vitabu vya kusoma vya serikali vilikuwapo, ila kitabu kimoja kilishikwa na watoto 5 au 6. Aliyekaa katikati alikiona vema. Aliyekaa pembeni alikiona kwa ubavu. Aliyekaa dawati la mbele, akageuka nyuma ili naye apate kuona, alikiona kichwa chini. Mwalimu alisoma mstari mmoja, na darasa lote likaujibu kwa sauti moja, vizuri sana, hata mgeni angesema, watoto hawa wanajua kusoma.

Tukampa mtoto mmoja kitabu kipya kutoka katika sanduku letu, chenye hadithi ya sungura na fisi. Akakishika kichwa chini, akasoma kwa sauti safi, pasipo kusitasita, habari za mama aliyekwenda sokoni kununua samaki. Habari hizo zilikuwa somo la jana katika kitabu cha darasa. Katika kitabu alichokishika mkononi halikuwamo hata neno moja la sokoni.

Mwalimu hakumgombeza. Alituambia kando, "Baba Mchungaji, mtoto huyu si mvivu. Ana masikio mazuri kupita wenzake. Ila hajapata kushika ukurasa."

Neno hili lilituchoma, kwa kuwa nasi tumewahi kudanganyika vivyo hivyo. Ninyi walimu wa kipaimara, je, hamjasikia vijana wakitamka Amri Kumi na maelezo yake yote, nanyi mkifungua Katekisimu na kuwaonyesha amri ya saba kwa kidole, wasiijue ni ipi? Masikio yamejaa, macho yana njaa. Martin Luther alipokwenda kuzikagua sharika za Saksonia mwaka 1528 alihuzunishwa na ujinga alioukuta, naye mwaka 1529 akatoa Katekisimu Ndogo ipate kufundishwa nyumbani na kanisani. Hata kabla ya hapo, mwaka 1524, aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani kuwahimiza waweke shule kwa ajili ya watoto, wavulana na wasichana. Na katika mwisho wa waraka huo aliwasihi wasiache kuweka na maktaba njema. Alijua ya kuwa shule pasipo vitabu ni kisima pasipo kamba.

Basi kitabu mkononi mwa mtoto hufanya nini? Hufanya mambo ambayo sauti ya mwalimu, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuyafanya. Sauti hupita, ukurasa hungoja. Mtoto mzito aweza kurudi nyuma na kusoma mstari mara tatu pasipo kuchekwa, na mwepesi aweza kutangulia. Kidole chake kikifuata neno kwa neno, anaanza kuona ya kuwa kila neno lina umbo lake, tena mapengo kati ya maneno yana maana. Tena mwalimu hupata muda. Pasipo vitabu humlazimu kuandika somo lote ubaoni, na watoto kulinakili, hata kengele ikalia kabla hawajalisoma. Vitabu vikiwapo, muda ule wa kunakili huwa muda wa kusoma, na mwalimu hupata nafasi ya kupita kati ya madawati, kuinama kwa mtoto mmoja mmoja, na kusikiliza.

Kadhalika vifaa vidogo tuvionavyo si kitu. Daftari ni mahali ambapo kosa la mtoto hubaki lipate kuonekana na kusahihishwa. Aandikaye kwa kidole mchangani kosa lake hufutika na upepo, naye hulirudia kesho. Tuliona penseli moja imekatwa vipande viwili kwa ajili ya ndugu wawili, na kipande kikiisha wote wawili hukaa kimya, mwalimu akadhani hawajui. Rula, chaki, vizibo vya chupa vya kuhesabia: kila kimoja ni mlango mdogo, na mtoto hawezi kujua kuna nini nyuma yake mpaka ufunguliwe.

Tuliporudi baada ya miezi michache, yule mtoto mwenye masikio mazuri alikuwa akisoma polepole, kwa kusitasita, akikwama katika maneno marefu. Hapo kwanza alikariri kama maji ya mto. Sasa alisoma kama mtu anayepanda kilima. Mwalimu alifurahi kwa kukwama kule. Alikuwa ameshika kitabu sawasawa.

Ndugu zangu, Bagamoyo yenyewe ina ushuhuda katika jambo hili. Mji ule ulikuwa bandari ya pembe na ya watumwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao pale mwaka 1868, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kazi na kusoma. Katika Februari 1874 msafara mmoja uliingia Bagamoyo kutoka bara, umebeba mwili wa Daktari David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Susi na Chuma na wenzao walikuwa wameuchukua kwa miguu muda wa miezi tisa hivi, na pamoja nao maandiko yake. Wengi hulijua jambo hili. Wachache humkumbuka Jacob Wainwright.

Huyu alikuwa kijana wa Kiafrika aliyeokolewa utumwani akapelekwa Nasik, katika nchi ya Bara Hindi, ambako misheni ilikuwa na shule ya watoto kama yeye. Shule ile iliendeshwa kwa sadaka za watu wa mbali, ambao hawakujua majina ya watoto wala hawakujua watakuwa nini. Saa ya haja ilipofika, kule porini, palihitajika mtu ajuaye kusoma na kuandika. Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko. Ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu kisipotee kitu. Ndiye aliyechonga maandishi katika mti. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza katika kanisa la Westminster huko London. Mtu aliyetoa senti zake ili mtoto wa Nasik anunuliwe kalamu hakuwaza haya hata kidogo. Sisi nasi tukimpa mtoto wa mvuvi wa Mlingotini au wa Saadani daftari, hatujui tumempa nani, wala kwa saa gani.

Walakini si kila kitabu kinachotolewa ni msaada. Katika vitabu vyetu vilivyosalia zaidi ya nusu vilikuwa vya Kiingereza, tena vya nchi za theluji na moshi wa majumbani. Shule za msingi za serikali katika nchi yetu, kwa kawaida, hufundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na Kiingereza ni somo mojawapo. Mtoto asiyejua bado kusoma lugha ya mama yake au ya jirani yake, ukimpa kitabu cha lugha ya tatu, umempa picha tu. Mwalimu alivitumia kwa busara: alionyesha picha, akasimulia kwa Kiswahili, vingine alivisoma mwenyewe jioni apate kujiendeleza. Lakini hakutaka tujidanganye kwamba hivyo ndivyo kusoma.

Mnakumbuka yule Mwethiopia, mkuu wa hazina, aliyekuwa akisoma nabii Isaya garini mwake. Alikuwa na kitabu, na macho ya kusoma alikuwa nayo, ila hakuelewa, mpaka Filipo alipopanda akaketi karibu naye. Kitabu kilihitaji mtu, kama vile Paulo alivyohitaji Timotheo na Marko pamoja na vitabu. Kwa hiyo tuwaulize walimu kwanza, ndipo tuombe. Tuwaambie marafiki wa mbali kwa upole na kweli: twahitaji vitabu vya Kiswahili, vya darasa fulani, kiasi fulani. Tena vitabu hivyo hupatikana hapa hapa. Tangu mwaka 1991 uko Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa kwa sababu ya uhaba wa vitabu vya watoto vya Kiswahili. Umewasaidia waandishi na wachapaji wa nchi hii, na kuvifikisha vitabu shuleni. Mara nyingi nauli ya kusafirisha sanduku moja baharini ingeweza kununua vitabu vingi vilivyochapwa Dar es Salaam, na mtoto akakuta humo minazi na ngalawa, vitu anavyovijua, akajua ya kuwa na kwao kumeandikwa.

Jambo jingine ni hesabu. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Wengine huona neno hili ni la wafanyabiashara tu. Kumbe ni la kanisa pia. Nchi yetu imeliona kwa ukubwa wake. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikiri mbele ya mahakama huko London, Desemba 2010, kwamba haikutunza hesabu ilivyopasa katika biashara ya kuiuzia Tanzania rada. Ikatozwa faini, na zaidi ya faini ikakubali kutoa karibu paundi milioni 29.5 kwa faida ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zilipofika mwaka 2012 zilielekezwa katika shule za msingi, hasa kununua vitabu, na watu wakaziita chenji ya rada. Hapo twajifunza ya kuwa vitabu vingine si sadaka, bali ni haki iliyorudi. Zakayo alipompokea Bwana hakusema, nitawahurumia maskini, akaishia hapo. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Mtoto anayefungua kitabu cha namna hiyo hana sababu ya kuinama na kushukuru kama mwombaji. Amepokea kilicho chake.

Na sisi, kwa kiasi chetu kidogo, tulikuwa na deni la namna ile ile. Tulipotaka kujua ni vitabu vingapi vimeliwa na mchwa, hatukuweza, kwa maana siku ya kwanza hatukuhesabu. Tulikuwa na picha ya wazee na sanduku, na hatukuwa na orodha. Basi tukaandika barua ya pili kwa marafiki wale, tukaungama yote: barua ya kwanza haikuwa kweli, vitabu vilifungwa, sehemu imepotea kwa uzembe wetu. Tulidhani watatukasirikia. Walijibu kwamba sasa wamejua tunahitaji nini.

Mwisho, tuseme habari ya kutoa kwetu wenyewe. Tangu Januari 2016 serikali imeondoa michango ya lazima katika shule za msingi, na watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakaja darasani. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wazazi wengine wamefahamu kwamba basi hawana wajibu tena, hali sare, daftari na penseli ni juu ya mzazi kama hapo kwanza. Twaona harusi ikichangiwa kwa kadi na kamati, vikao juu ya vikao, na mtoto wa nyumba ile ile anakwenda shule na daftari moja kwa masomo yote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mama mmoja wa usharika wetu, mkulima wa mwani, aliposikia habari ya penseli iliyokatwa, alileta penseli 12 zilizofungwa kwa kipande cha khanga. Hakutaka jina lake litajwe kanisani, nasi hatulitaji hapa. Penseli hizo ziliingia darasani siku ile ile. Sanduku la ng'ambo lilikaa kwetu zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo, wainjilisti na wazee, twawaomba mambo haya. Kitu cha shule kikifika kwenu, kihesabuni mbele ya mashahidi na kukiandika daftarini. Kisilale kanisani zaidi ya Jumapili moja. Mkabidhini mwalimu, si ukuta. Mwacheni mtoto akishike, hata kama mikono yake ina mavumbi. Mwekeeni ndoo ya maji na kipande cha sabuni mlangoni, ndiyo dawa ya mikono michafu kuliko kufuli. Kurasa zikilegea, akina mama wa ushonaji wazishone. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, msisikitike. Kimekufa kifo chema. Tena mara moja kwa juma mtu mzima ajuaye kusoma, awe kijana wa kwaya au mzee mstaafu, akaketi na watoto, Wakristo na Waislamu pamoja, awasomee kwa sauti, nao wamsomee. Kitabu na mtu viende pamoja.

Paulo aliyaomba yake, wala hatusomi katika waraka ule kama yalimfikia. Lakini vitabu alivyoviacha kwa Karpo vilikuwa na mtu aliyevingoja, na hii ndiyo heshima ya kitabu. Katika kila kijiji cha pwani hii, kutoka Bunju hata Saadani, kuna mtoto anayengoja. Bwana atusamehe masanduku tuliyoyafunga. Atupe mikono ya kufungua, na uaminifu wa kuhesabu, na moyo usiouliza mtoto ni wa nani kabla ya kumpa. Amina.